Miti Iliyofungwa

Jirani yangu hapa Ujiji akichemsha mawese, mimi siwezi kushona. Harufu inapanda ukuta, nzito, tamu kidogo, yenye moshi ndani yake, na miguu yangu inaacha kukanyaga cherehani. Wateja wamenizoea. Wanajua gauni lililoahidiwa Jumamosi, kama Ijumaa jirani amebandika pipa lake, litatoka Jumatatu. Wananuna, nami nawaacha wanune, kwa sababu saa hiyo sipo Ujiji kabisa. Nipo Simbo, nina miaka tisa, na viganja vyangu vimejaa malengelenge.

Malengelenge yalikuwa ya mchi. Mama yangu alikuwa akiuza dagaa, leo yupo Kibirizi, kesho kavuka ziwa, kwa hiyo nililelewa na Bibi, mama yake, mlimani Simbo, kwenye nyumba ya matofali mabichi iliyozungukwa na michikichi. Kila wiki tulikamua mawese. Mikungu ya chikichi ilikatwa, ikaachwa kivulini siku tatu nne ili ilegee, kisha tukaipukuchua punje moja moja, na miiba yake haikuwa na huruma kwa mtoto wala mtu mzima. Punje zikachemshwa toka asubuhi. Zikiiva zilimwagwa kwenye kinu cha Bibi, kinu kikubwa ambacho ningeweza kujificha ndani yake, na ndipo kazi yangu ilipoanza: mimi upande huu, Bibi upande ule, mchi wake ukishuka wangu unapanda. Ukikosea zamu, michi inagongana na mikono inakufa ganzi mpaka kwenye bega. Bibi hakuwahi kukosea. Mimi nilikosea kila siku, naye alikuwa akiniuliza kwa upole kama nimelala.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ugoro kwenye pindo la khanga na ulimi unaokata pande mbili. Hakupenda kusifiwa na hakupenda kuhurumiwa. Kitu alichokipenda waziwazi, mbele za watu, kilikuwa chemchemi.

Chemchemi hiyo ilikuwa chini ya nyumba yetu, tukaiita Bondeni basi, haikuwa na jina jingine. Maji yalitoka chini ya jiwe, baridi kiasi cha kuumiza meno, na yalikuwa na ladha ambayo sijaipata tena mahali popote, kama umelamba mzizi uliooshwa vizuri. Yalitoka kwa nguvu. Ukitega ndoo na kuanza wimbo, wimbo haujaisha ndoo imejaa. Juu yake, kwenye mteremko, ilisimama miti kumi na mmoja, mingi ikiwa mikuyu minene, na chini yake palikuwa na kivuli cha kijani ambacho hata mwezi wa nane, jua likiwa kali kwingine kote, kilikufanya utamani sweta. Asubuhi ukungu ulilala pale mpaka tunapokwenda shule. Sisi watoto tulikuwa tukiupuliza kwa midomo, eti tunaufukuza.

Bibi ndiye aliyekuwa mwangalizi wa Bondeni. Alirithi kazi hiyo kwa mama mkwe wake, naye kwa wa kwake. Sheria zilikuwa chache na kila mtu alizijua. Hutumbukizi chungu chenye masizi ndani ya maji. Huoshi kwa sabuni juu ya jiwe. Na mti uliofungwa haukatwi. Kila mwaka, mvua za mwezi wa kumi zikikaribia, wanawake walikwenda kuifukua chemchemi kwa mikono, bila jembe, na Bibi alizunguka miti yote kumi na mmoja akiifunga shinani kwa kamba mpya ya mgomba. Alizungusha mara tatu, akafunga fundo, kisha ncha akazichomeka ndani ili zisionekane. Mwaka niliofikisha miaka minane alinifundisha fundo hilo. Alinishika vidole akavipeleka huku na huku mpaka vikakubali. "Sasa tupo wawili," alisema, akanipa punje ya chikichi nitafune. Nilivimba kichwa mwezi mzima.

Siku hizo watu Simbo hawakuwa wengi. Asubuhi Bibi alisimama nje, akatazama moshi wa majiko kwenye vilima, na alikuwa na uwezo wa kukuambia nani ameamka na nani bado anakoroma. Kisha watu wakaongezeka. Wengine walitoka ng'ambo wakikimbia vita, wengine Kasulu wakitafuta mashamba, na wengine, nisiseme uongo, tulizaliwa tu hapohapo, maana kila nyumba ilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Darasani tulikaa wanne kwenye dawati la wawili. Moshi wa asubuhi ukawa moshi mmoja, na Bibi akaacha mchezo wake wa kuwataja walalao.

Mwaka niliofikisha miaka tisa ndipo Mjomba alipoleta mashine.

Mjomba alikuwa kaka yake mama, mtoto wa kiume pekee wa Bibi, mtu wa mjini mwenye nyumba Buzebazeba na mipango mingi. Mashine ilifika juu ya lori, imefungwa kamba kama ng'ombe mkaidi. Wakaijengea banda la bati chini kidogo ya barabara. Ilikuwa injini ya dizeli iliyozungusha vyuma ndani ya pipa, tuku-tuku-tuku, na kazi ambayo mimi na Bibi tuliifanya kutwa nzima yenyewe iliimaliza kabla chai haijapoa. Siku ya kwanza kijiji kizima kilihamia pale. Wazee waliweka mikono masikioni wakicheka. Mimi nilitazama zile punje zikimezwa na kutoka zimepondeka, hakuna mtu aliyenyanyua mchi, na machozi yakanitoka. Msinicheke. Nilikuwa na miaka tisa na niliona nimeokolewa.

Bibi alipeleka mikungu yake kama wengine. Kinu kikalazwa ubavu nyuma ya jiko na kuku wakaanza kutagia ndani. Viganja vyangu vikapona, nikapata muda wa kuruka kamba, na jioni nilikuwa na nguvu za kusoma kitabu. Kwa hiyo anayesema mashine ni laana, mimi huwa simsikilizi mpaka mwisho. Najua ilichotupa.

Lakini mashine haikuchemsha. Kuchemsha kulibaki kazi ya moto, na pale ambapo zamani chungu cha Bibi kilikula mzigo mmoja wa kuni kwa wiki, sasa mapipa matatu yalichemka toka alfajiri mpaka machweo, kila siku, maana watu walileta chikichi hata kutoka Kidahwe. Mjomba aliajiri wakata kuni. Kiongozi wao aliitwa Bukuru, mtu mrefu mpole aliyekimbia kutoka ng'ambo na wanawe watano, mwenye desturi ya kuvua kofia hata akimsalimia mtoto. Walianza na matawi makavu. Kisha miti ya mabonde mengine. Kisha mlima wa nyuma, ambao kutoka juu yake tulizoea kuliona ziwa likimetameta, ukabaki na visiki. Waliokuja kujenga nao walitaka nguzo, na wenye matanuri ya matofali nao walitaka magogo. Mwisho wa kiangazi Bukuru akawa anatembea nusu siku kupata mzigo mmoja. Miti kumi na mmoja ya Bondeni ilikuwa hapo, dakika tano kutoka bandani, minene, na hakuna shoka lililoigusa. Bukuru na wenzake hawakuwa watu wa Simbo, lakini waliambiwa siku ya kwanza tu kwamba mti uliofungwa hauguswi, nao wakaheshimu. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu watu wakisimulia habari hizi wanapenda kuanza na wageni.

Jioni moja, tukila, Mjomba alisema, "Mama, kuni zimekwisha. Wiki ijayo nafunga mashine mpaka nipate mahali pengine."

"Ifunge," Bibi akajibu. "Kinu kipo."

"Na ile miti ya Bondeni? Minne tu, Mama. Inabaki saba."

"Oya," Bibi alisema. Kwa Kiha hilo ni hapana, na kwake hapana ilikuwa neno la kumalizia mazungumzo. Akaendelea kula.

Mimi nilitazama viganja vyangu. Vilikuwa laini kama vya watoto wa Ujiji mjini. Nikasikia michi ikigongana, nikasikia ganzi kwenye bega.

Kesho yake mchana, nilipotoka shule, nilichukua ndoo nikaenda Bondeni. Hapakuwa na mtu. Nilitega ndoo, na maji yakawa yanaimba peke yake, nami nikapanda mteremko. Fundo la Bibi halivutwi. Lazima ujue ncha zimechomekwa wapi, uzitoe, kisha uizungushe kamba kinyume mara tatu. Nilifungua miti minne, idadi aliyoitaja Mjomba, si zaidi. Kamba nikazifukia kwenye majani. Nilijiambia miti minne si kitu, inabaki saba, hata mtu mzima amesema. Nilirudi nyumbani na ndoo yangu kichwani bila kumwaga hata tone.

Siku mbili baadaye Bukuru alikuja nyumbani. Alivua kofia mlangoni, akaikunja mikononi.

"Mwakeye, Mama," alimsalimia Bibi. "Tumekuja kushukuru. Kwa ile miti."

Bibi alikuwa akipepeta maharage. Ungo ukasimama. "Miti ipi, baba?"

"Ile minne, Mama. Tulikuta umeifungua, tukaikata. Nikawaambia vijana, Mama ametuonea huruma, tusimwache bila asante. Ni kwa hisani yako mashine haijafungwa."

Nilikuwa nimechutama karibu na jiko. Nilidhani Bibi atapiga mayowe, atamfukuza yule mtu na kofia yake. Badala yake alimwambia, "Ego, baba. Haya. Nendeni mkachemshe." Bukuru akaondoka na furaha yake. Kisha Bibi akanigeukia.

"Nani amefungua miti?"

"Sijui, Bibi."

"Hujui."

"Sijui."

"Basi labda ni mbuzi," alisema, akaendelea kupepeta. Nami, mjinga, nilimshukuru Mungu kwa kuwaumba mbuzi.

Siku hiyohiyo alikwenda kuifunga upya miti saba. Lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Watu walikuwa wameshaona miti ya Bondeni ikianguka na hakuna aliyepatwa na jambo, wala aliyevimba, wala aliyekufa. Walianza kusema hata Mama mwenyewe ameilegeza. Mwaka uliofuata mmoja ukakutwa umekatwa pamoja na kamba yake. Halafu miwili kwa usiku mmoja. Bibi aliendelea kufunga iliyobaki, na mimi nilikwenda naye nikashika kamba, na sikuinua macho. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi ndiye mjukuu mwenyewe.

Ukungu ndio ulioondoka kwanza. Hatukujua kama umeondoka, tuliona tu kwamba asubuhi hatuna cha kupuliza. Kisha mvua za mwezi wa kumi zikaanza kuchelewa, na zilipokuja zilikuja kwa hasira, zikichukua udongo wa mteremko na kuupeleka mtoni, na mto ukaupeleka ziwani. Mama alituambia kuwa pale kijito kinapoingia, ziwa limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Maji machafu ya bandani nayo yalishuka Bondeni yakiwa na ngozi ya mafuta. Wimbo mmoja ukawa hautoshi kujaza ndoo, zikawa nyimbo tatu, kisha tukaacha kuimba tukaanza kupanga ndoo foleni. Wanawake waligombana pale jiweni, wanawake ambao zamani waliifukua pamoja kwa mikono. Katika kiangazi cha nne baada ya mashine kuja, chini ya jiwe palibaki unyevu tu. Nyuki walikuja kuunyonya.

Bibi hakutaka kuhama. Alikwenda kuchota maji ya mbali kwa miguu yake, akaanguka njiani, akaenda tena, akaanguka tena. Mwisho Mjomba alikuja na lori, lilelile lililoleta mashine, wakapakia godoro, masanduku na kuku. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilifurahi sana kuhamia mjini, maana Buzebazeba kulikuwa na bomba uani na televisheni kwa jirani. Bibi alikaa barazani siku nzima. Watu waliopita walimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, lakini hakuuliza jina la mtu yeyote. Aliishi mjini miaka mingi kama mtu anayesubiri kuitwa.

Alipougua nilikuwa mtu mzima, nina cherehani yangu na watoto wawili. Ilikuwa kiangazi, joto la kutoa ulimi. Nilikuwa nikimpa maji anayakataa, anageuza uso. Asubuhi moja alinishika nguo, akaniita mwanangu kwa Kiha, "Mwana wanje, niletee maji ya Bondeni."

Nilichukua chupa nikapanda bodaboda. Njia nzima kwenda Simbo ni mabati, nyumba kwa nyumba, na matanuri ya matofali yakifuka pembeni. Mashine zimekuwa nne, zinaitikiana. Bondeni nilipotea, nikamuuliza njia mama mmoja kijana aliyebeba mtoto mgongoni. Alinipeleka kwenye shimo. Chini ya shimo palikuwa na maji ya tope kiasi cha bakuli.

"Haya tunafulia," alisema. "Ya kunywa bomba liko barabarani, dada. Zamani lakini, wanasema hapa palikuwa na maji matamu."

Nilimwambia ndiyo, nimesikia hivyo. Nikapanda barabarani, nikajaza chupa bombani, nikarudi.

Bibi alinywa funda moja. Aliliweka mdomoni, akalizungusha, akameza. Macho yake yalikuwa yameingia ndani sana lakini yalinitazama sawasawa.

"Haya ya wapi?"

"Ya Bondeni, Bibi."

Akafuta midomo. Kisha akasema, bila ukali, "Umenidanganya mara mbili tu maisha yako yote. Leo ndiyo ya pili."

Nililia pale kitandani, mtu mzima na khanga yangu. Nilimwambia yote, kamba, majani, viganja. Nilimwuliza kwa nini hakunipiga siku ile, kwa nini hakunitaja hata kwa Mjomba.

"Ningekupiga wewe, na mashine ningeipiga na nini?" alisema. "Hata mimi, siku mashine ilipokuja, nililala usingizi mzuri. Mabega yangu yalikuwa yamechoka, mwana wanje. Chikichi zangu nilizipeleka mwenyewe. Nilitaka mashine na nilitaka miti." Akanyoosha mkono apewe chupa. "Imebaki mingapi?"

Nilitaka sana kusema mitatu.

"Hakuna, Bibi. Hata mmoja."

Alikunywa maji yale ya bomba mpaka chupa ikaisha, akaniambia asante kwa kwenda, akaomba nimgeuze alale.

Siku hizi ziwa limepanda. Hapa Ujiji chini lilishameza nyumba za watu na michikichi iliyosimama ufukweni, na watu wananiuliza mimi, kwa kuwa nimekulia mlimani, itakuwaje kule juu maji yakauke na huku chini yazidi. Siwezi kuwajibu vizuri. Nawaambia mlima usio na miti haushiki kitu. Lakini ninapobaki peke yangu na harufu ile ya mawese, siwazi mlima. Namwaza Bibi, na jinsi nilivyodhani miaka yote ile kwamba kimya chake ni kutojua.

Siku ile tuliyohama alikaa nami mbele, kando ya dereva. Kutoka Simbo mpaka Buzebazeba alinishika mkono, akauweka mapajani pake, akawa anakipapasa kiganja changu kwa kidole gumba, taratibu, pale malengelenge yalipokuwa zamani. Mimi nilidhani anaogopa gari.